Fundi wa mitandao wa Kindu anayeogopa kupoteza mstari mmoja

Saa tatu asubuhi, ngurumo ya kwanza inasikika kutoka upande wa pili wa mto, na Mwavita Abdallah tayari amesimama. Anachomoa waya wa betri, anachomoa waya wa paneli ya jua, kisha kebo za mtandao moja baada ya nyingine, haraka, bila hata kuzitazama. Ruta nne kuukuu zilizopangwa juu ya meza zinazima taa zake za kijani.

Mvua yenyewe iko mbali bado, na huenda isifike kabisa. Lakini radi ya Kindu haina adabu, na aliyewahi kuunguliwa na kompyuta hasubiri ngurumo ya pili.

"Nilishahifadhi yote," anasema, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Kila mustari nilihifadhi. Hakuna kitu kilipotea."

Anakaa tena, anaweka mikono magotini, anasikiliza. Vidole vinaendelea kubonyeza magoti, kana kwamba bado viko kwenye kibodi.

Mwavita ana miaka 39 na ni fundi wa mitandao ya kompyuta katika mradi unaounganisha vituo vya afya vya mji huu. Ruta zilizo mezani ni vifaa vinavyoelekeza taarifa kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Alizikusanya kutoka ofisi zilizokuwa zikizitupa, akazitengeneza, akaziunganisha ziwe mtandao mdogo wa kujifunzia. Wiki ijayo atasafiri kwenda Kisangani kufanya mtihani wa cheti cha kimataifa cha mitandao. Ni mara yake ya pili. Ya kwanza alianguka.

Safari hii hana pa kuangukia. Wenye mradi wamekwisha kusema kwamba kuanzia mwaka mpya, asiye na cheti hatagusa vifaa vyao. Kazi itapewa kampuni kutoka Kinshasa, na Mwavita atarudi kwenye kibanda cha kuchajia simu za watu, kule alikoanzia.

"Watu wanafikiri ninaogopa maulizo," anasema. "Maulizo ninajua. Kitu ninaogopa ni kuandika mustari na kuuacha vile, bila kuuhifadhi. Mwili wangu unakataa."

Kwa asiyeifahamu kazi hii, jambo lenyewe ni jepesi. Fundi anapoiandikia ruta amri, ruta inatii papo hapo, lakini inayakumbuka hayo kwa muda tu. Umeme ukikatika, imesahau. Ili ikumbuke siku zote, fundi lazima aiamuru ihifadhi. Mafundi wengi huandika kazi yao yote, wakaijaribu, wakaona imekaa sawa, ndipo wakahifadhi mara moja mwishoni.

Mwavita anahifadhi kila mstari. Anaandika mmoja, anahifadhi. Anaandika wa pili, anahifadhi. Kila mara anausoma upya mstari mzima kwa kidole kwenye kioo, kama mtu anayekagua mlango aliokwisha kuufunga.

Katika mji ambao umeme huja kama mgeni asiye na taarifa na kuondoka vivyo hivyo, mtu anaweza kusema hiyo ni busara tu. Mwenyewe anacheka akiambiwa hivyo, halafu anatikisa kichwa.

"Umeme ni kisingizio," anasema. "Hii kitu ni ya zamani. Hii ni ya vita."

Vita vilipofika Kindu mwaka 1998, Mwavita alikuwa na miaka kumi na miwili. Familia ilikaa mtaa wa Mikelenge, katika nyumba ya matofali yenye chumba kimoja cha mbele ambamo baba yake, Mzee Abdallah, aliendesha fonie. Hiyo ilikuwa redio ya mawasiliano. Wafanyabiashara walikuja kwake kuzungumza na wenzao wa Kampene na Kailo: bei ya mchele, mafuta ya mawese yamefika wapi, nani amefariki, nani amejifungua. Waya mrefu wa antena ulinyooshwa juu ya ua kati ya nguzo mbili.

Treni ilikuwa haiji tena. Mji ulishikwa na wenye bunduki, na msitu unaouzunguka ulishikwa na wenye bunduki wengine. Aliyetoka kwenda shambani hakujua atakutana na wepi kwanza. Watu walikula majani ya mihogo bila mihogo yenyewe, na waliokuwa na chumvi waliificha.

Kila jioni, kabla giza halijaingia, mama yake Mwavita aliwafungisha watoto vifurushi. Nguo, sufuria ndogo, kipande cha sabuni, vyote ndani ya kitenge kilichokazwa fundo. Hakuna aliyeruhusiwa kulala kabla fundo lake halijakaguliwa.

"Mama alikuwa anatuambiaka: risasi ikilia, kitu kimefungwa njo chako. Kile hakijafungwa, kisahau," anakumbuka Mwavita, kwa Kiswahili cha hapa ambacho ndiyo huwa njo. "Siku moja tulikimbia, na miye viatu vyangu vilikuwa mulangoni, inje ya kifurushi. Niliviona kabisa. Mama alinivuta mukono. Tulikaa porini wiki mbili, nikitembea miguu wazi. Toka ile siku, kitu kikiwa wazi mbele yangu, siwezi kupumua vizuri."

Hilo la viatu analisimulia akitabasamu. La fonie halisimulii hivyo.

Ilikuwa mwaka 2001, mchana kweupe. Mfanyabiashara mmoja alikuwa akizungumza na Kampene juu ya chumvi yake, na waya wa antena ulikuwa juu, kila mpita njia akiuona. Askari waliingia wakauliza wanazungumza na nani. Mzee Abdallah akajibu kwamba wanazungumza na wauza chumvi. Hawakuamini. Wakati ule sauti yoyote iliyotoka nje ya mji ilikuwa sauti ya adui, na kila waya uliokuwa hewani ulikuwa wa kuwaita watu wa porini.

Walimchukua yeye, redio, na waya. Mwavita alikuwa jikoni na aliona mguu wa baba yake ukitafuta ndala iliyomponyoka.

Mzee alirudi baada ya wiki nyingi, amekonda. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunjiki tangu siku hizo. Hakuwahi kueleza kilichovipata na hakuna aliyethubutu kumuuliza, na mwandishi huyu naye, lazima iandikwe, alikosa ujasiri wa kuuliza.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mzee Abdallah alikuwa akishtuka hata kwa kamba ya kuanikia nguo.

Sasa kwa nini binti wa mtu huyo akaenda kutafuta riziki kwenye waya? Wanawe wengine wanashona, wanalima mpunga, mmoja yuko kwenye machimbo Pangi. Mwavita anakunja kebo mkononi.

"Nilitaka kujua kile kitu kilituumiza njo kitu gani," anasema. "Nilifungua redio ya jirani, nikaona waya tu, na vidude vidogo vya rangi. Nikasema, njo hii? Juu ya hii njo walimupiga baba?"

Alianza kwa kuchaji simu za watu kwa paneli ya kuazima. Akajifunza kuzitengeneza. Akasoma kompyuta miaka miwili kwenye chuo cha mjini, akilipa kwa mafungu. Mradi wa vituo vya afya ulipokuja kutafuta mtu wa kupanda kwenye mapaa kufunga antena, vijana wengi walijitokeza kwa sababu ya mshahara, na Mwavita alijitokeza akiwa na hofu tele. Alichukuliwa kwa sababu, anasema mwenyewe, yeye peke yake ndiye aliyekagua kamba mara mbili kabla ya kupanda.

Leo analipwa karibu dola 150 kwa mwezi. Mtihani unagharimu karibu mara mbili ya hizo, mbali na safari.

Mara ya kwanza alikwenda kuufanya katika mji mmoja wa mashariki, mwaka juzi. Sehemu ya maswali ilikwenda vizuri. Ikaja sehemu ya vitendo: kwenye kioo anapewa mtandao ulioharibika, anautengeneza mwenyewe kwa amri, na pembeni saa inahesabu kurudi nyuma.

"Niliandika, nikahifadhi, nikasoma. Niliandika, nikahifadhi, nikasoma. Nilijua kabisa: Mwavita, huku umeme haukatiki, andika tu. Lakini mikono haikusikia. Saa ikaisha, na kazi ilikuwa nusu."

Anasema alitoka pale akakaa kwenye ngazi ya jengo, na aliona aibu kuliko huzuni. Miezi michache baadaye vita vikaufikia mji ule. Kituo cha mtihani kikafunga. Msimamizi aliyempa kikombe cha maji siku ile, hajui yuko wapi.

Kama kuanguka kungeishia kwenye karatasi, pengine angejisamehe. Lakini kosa lilelile lilimfuata mpaka Kindu, na safari hii lilimkuta na roho za watu mkononi.

Mto Lualaba unaugawa mji huu, na daraja hakuna. Ng'ambo, Alunguli, kuna kituo cha afya kinachopokea mawasiliano kwa antena iliyoelekezwa huku. Mama mjamzito akipimwa kule, picha ya tumbo lake hutumwa kwa daktari wa upande huu, na daktari huamua kama mama abaki au avushwe. Mwavita huiendesha ruta ya Alunguli akiwa ofisini, bila kuvuka.

Mwezi wa pili mwaka huu, mto ukiwa umejaa, alitaka kuongeza ulinzi kwenye ruta hiyo, kuzuia wageni wasiingie. Kama kawaida yake, aliandaa mistari yote, na baada ya kila mstari akaweka amri ya kuhifadhi. Akaituma kwa mkupuo. Mmoja kati ya mistari hiyo ulikosewa, ukawazuia wote, na yeye mwenyewe akiwemo. Ilikuwa kama mtu kufunga mlango wa nyumba yake akiwa nje na ufunguo uko ndani.

Fundi mwingine angempigia simu mtu wa ng'ambo amwambie zima kifaa, washa. Ruta ingesahau lile kosa na kurudi kama ilivyokuwa. Ruta ya Mwavita haikuweza kusahau, kwa kuwa alikuwa ameihifadhishia kosa lake.

Joël, muuguzi wa Alunguli, ndiye aliyepiga simu.

"Nilimuambia, yaya Mwavita, rezo imekufa, na huku kuko mama, mutoto amekaa vibaya, dokta anangoja picha," anasimulia Joël, ambaye humwita yaya, yaani dada, na mtandao huuita rezo. "Akaniambia zima, washa. Nikazima, nikawasha. Hakuna kitu. Nikasikia anapumua tu kwenye simu."

Waliamua kumvusha yule mama bila kusubiri picha. Mwavita naye akachukua begi lake la vifaa, akakimbilia bandarini.

Hapendi mto. Watu wa rika lake hapa Kindu wengi hawaupendi, kwa yale waliyoyaona yakipita juu ya maji miaka ile, na hayo hayaandikwi hapa. Alipanda mtumbwi, akashika ubao kwa mikono miwili, akafumba macho. Akayafumbua katikati ya mto aliposikia sauti ya mwanamke. Mtumbwi mwingine ulikuwa ukija upande huu na yule mama alikuwa amelala ndani yake, Joël akimfunika kwa mwavuli.

"Tulipitana karibu, ningeweza kumushika mukono," anasema Mwavita. "Yeye anaenda kule juu yangu, juu ya kosa langu. Miye ninaenda huku juu yangu. Sikujua kama atafika."

Alifika. Mtoto naye yuko, ni wa kike, mzima kabisa. Lakini habari hizo Mwavita alizipata jioni, na mchana wote ule alifanya kazi akiwa amepiga magoti mbele ya ruta ya Alunguli.

Jambo hilo alilipeleka kwa Gisèle, mwalimu wa mitandao aliyeko Kisangani, anayemfundisha kwa simu. Alitegemea kufarijiwa. Gisèle, anasema, si mtu wa kufariji.

"Aliniuliza swali moja tu. Mwavita, kwa nini haukuiachia nafasi ya kurudi?"

Maana ipo amri, na Mwavita aliijua tangu zamani ila hakuwahi kuithubutu. Kabla ya kugusa kifaa kilicho mbali, fundi anakiamuru kijizime na kujiwasha chenyewe baada ya dakika kumi. Kisha anafanya kazi yake bila kuhifadhi chochote. Akikosea na kufungiwa nje, anangoja tu. Dakika zikitimia, kifaa kinajizima, kinasahau kosa, kinamfungulia. Akipatia, anaifuta amri ile ya kuzima, ndipo anahifadhi. Kinachotakiwa ni kuvumilia kazi ikae wazi mbele yako, haijafungwa, na saa inakwenda.

Gisèle akampa zoezi: atafute mtu wa kumkatia umeme wakati wowote bila kumwonya, ajifunze kupoteza kazi na kuianza upya, mpaka kupoteza kuwe jambo la kawaida.

Nyumbani wanaishi wawili tu, Mwavita na baba yake. Mama alifariki, na ndoa ya Mwavita ilikwisha miaka mingi iliyopita, kwa amani, anavyosema. Kwa hiyo mtu wa kukata umeme alikuwa Mzee Abdallah, ambaye tangu mwaka 2001 alikuwa hajashika waya.

"Nilimukatalia," anasema mzee mwenyewe, miaka 71, kofia nyeupe kichwani, amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango ili aione barabara. "Nilimuambia, mama, tafuta muntu mwingine. Ile vitu inaletaka watu wabaya pa nyumba."

Binti yake hakumlazimisha. Alianza kujikatia mwenyewe, jambo ambalo halikusaidia, kwani mtu hawezi kujishtukiza. Mzee akawa anamtazama kutoka mlangoni. Siku ya tatu au ya nne akainuka, akazungushia mkono wake wa kulia kitambaa, akaja taratibu kama anayemwendea jogoo mkali, akavuta waya wa betri.

Ruta zikazima. Mwavita alikuwa ameandika nusu ya kazi bila kuhifadhi. Alipiga kelele, mzee akapiga kelele, na wote wawili wakabaki wanatazamana.

"Hakuna muntu alikufa," anasema Mzee Abdallah. "Nilingoja, nikaona hakuna muntu alikufa. Nikarudi kukaa."

Tangu hapo amekuwa mkatili. Anamwacha afike mstari wa mwisho kabisa, ndipo anavuta. Anajifanya amesinzia, anavuta. Kitambaa bado anakizungusha mkononi, na binti yake hajawahi kukitaja.

Lakini siku hizi mazoezi yamekuwa mazito tena. Sokoni watu wananunua chumvi. Hakuna aliyetangaza lolote, wala redio haikusema jipya. Ila mama mmoja akinunua mifuko mitatu, wa pili ananunua mitano, na wenye umri wa Mwavita wanaelewa bila kuambiwa. Inasemekana vita vya mashariki vinasogea. Inasemekana havisogei. Jioni moja wiki iliyopita Mwavita alijikuta amekaa kitandani, kitenge mapajani, anafunga kifurushi.

"Nilikifungua," anasema. "Kisha nikakifunga tena. Sitaki kukudanganya, ndugu. Kiko kule chini ya kitanda."

Alasiri ya siku hiyohiyo ya ngurumo, mvua ikiwa imepita pembeni, Mwavita anaamua kufanya jambo ambalo amekuwa akiliahirisha tangu mwezi wa pili. Anataka kuweka ule ulinzi kwenye ruta ya Alunguli, kazi ileile iliyomshinda, kutoka mezani kwake, bila kuhifadhi. Anasema asipoweza hapa, kwenye kiti chake, hataweza Kisangani.

Anampigia Joël kwanza. Anamuuliza kama kuna mgonjwa. Joël anamjibu kwamba hakuna, na picha zote za leo zimekwisha kutumwa. Anamuuliza tena. Joël anajibu tena, kwa uvumilivu.

Anaiamuru ruta ijizime na kujiwasha baada ya dakika kumi. Anavuta pumzi. Anaanza kuandika.

Mstari wa kwanza, haujahifadhiwa. Kidole kinasogea chenyewe kuelekea amri ya kuhifadhi, na anakirudisha kwa mkono wa kushoto, kama anavyorudishwa mtoto kutoka jikoni. Wa pili. Wa tatu. Shingo yake imelowa jasho. Wa nne anauandika haraka mno, anabonyeza, na kioo kinaganda.

Amejifungia nje. Kosa lilelile.

Mwavita anainuka, na kabla hajajua anafanya nini tayari amelishika begi la vifaa na anatafuta viatu. Usoni amekuwa wa majivu. Midomo inasema maneno yasiyosikika, huenda ni dua, huenda ni majina ya amri.

"Kaa," anasema Mzee Abdallah kutoka mlangoni.

"Baba, ng'ambo kule..."

"Joël alikuambia hakuna mugonjwa. Uliiambia ile kitu irudi, ao hapana?"

"Niliiambia."

"Basi kaa. Itarudi."

Anakaa, begi mapajani. Mtu aliyewahi kusubiri habari ya mgonjwa anazijua dakika kama hizo. Nje pikipiki inapita, muuza mkate anapita. Mwavita anatazama kioo kilichoganda na machozi yanamtoka bila sauti, hayafuti. Mara mbili anataka kuinuka. Mara mbili anamtazama baba yake, na mzee anatazama barabara, mkono wake wa kulia umelala juu ya paja.

Anasema baadaye kwamba aliogopa jambo moja: kwamba bila kujua, kwa mazoea, huenda mahali fulani katikati alikuwa amehifadhi. Hakuwa na uhakika na mikono yake mwenyewe.

Kisha kioo kinatikisika. Neno moja linatokea, halafu mengine. Ruta ya Alunguli imejizima, imejiwasha, na inamuuliza yeye ni nani, kwa upole kama vile hajawahi kuifanyia ubaya wowote.

Mwavita anaweka begi chini. Anaiamuru tena ijizime baada ya dakika kumi. Anaandika mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne anasimama, anasoma, anaona tarakimu aliyoikosea, anaiandika ilivyo sahihi. Kioo hakigandi. Anamaliza yote, anajaribu kuingia kama mgeni na anazuiwa, anajaribu kuingia kama mwenyewe na anapokewa. Anafuta amri ya kujizima. Anahifadhi, mara moja.

Anabaki ameinama juu ya kibodi, mabega yanapanda na kushuka. Mzee anamuuliza kama imekwisha. Anaitikia kwa kichwa.

Ijumaa ijayo atapanda boti ya injini kuteremka mto hadi Ubundu, kisha pikipiki mpaka Kisangani, kwa sababu ndege haimudu. Atasafiri kwenye mto ule ule asioupenda, akielekea mji ambao watu wanamwambia asiende sasa hivi. Walio wengi wanamshauri angoje hali itulie.

"Nilingoja hali itulie toka niko na miaka kumi na mbili," anasema. "Woga wangu tutaenda pamoja, utakaa pembeni yangu kwenye egzamen. Ninaomba tu uniachie mikono."

Akifaulu ana mpango, na anautaja kwa sauti ya chini ili usifike mlangoni. Anataka kuleta mawasiliano nyumbani kwao, afundishe hapa mabinti wa Mikelenge, wakae kwenye meza hii wazoee vifaa kama yeye. Kwa hilo inatakiwa nguzo ya antena juu ya paa, ndefu, ya kuonekana na kila mtu. Nyumba yao haina hata antena ya televisheni; mzee hajawahi kuruhusu. Kila mwaka Mwavita amekuwa akiomba, na kila mwaka jibu limekuwa hapana.

Ameomba tena juzi.

"Alisema tutaongea ukirudi," anasema Mwavita, na kwa mara ya kwanza siku nzima mikono yake imetulia. "Miaka ishirini anasemaka hapana. Juzi amesema: tutaongea ukirudi."